Uzito Unahamia Wapi? Kubadili Mauntingi za 1HZ Bila Kuangusha Injini

Bolti ya mwisho ya mauntingi, ile mipira inayoishikilia injini kwenye chasisi, inapotoka, uzito wa injini hauishi. Unahama. Kama hukuuandalia pa kukaa, utajitafutia wenyewe: kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini), kwenye rejeta, kwenye ekzosi, au kwenye mkono ulioingia kati ya braketi na chasisi. Ndiyo maana kazi hii, ambayo kwa macho ni ya bolti chache na mipira miwili, tunaianza kwa swali moja kabla ya kushika spana: sasa hivi uzito umekaa wapi, na nikitoa hiki utakaa wapi?

Nazungumzia hasa 1HZ ya Toyota, kwa sababu ndiyo tunayokutana nayo kila siku kwenye Land Cruiser za watalii, za hospitali na za miradi. Ni dizeli ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, cc 4,164, bloku lake chuma cha kusubu. Peke yake, bila giaboksi, inazidi kilo 300. Gari la watalii linalotoka Arusha na kupita ile barabara ya mawimbi kutoka Ngorongoro hadi Seronera, ndani ya Serengeti, wiki baada ya wiki linatikisa mzigo huo wote juu ya mipira miwili ya mbele, mmoja kila upande wa bloku. Nyuma, giaboksi imekalia mpira wake kwenye krosmemba, ile boriti inayokatiza chasisi.

Mpangilio huo ukiuelewa, nusu ya kazi umeimaliza. Unapobadili mauntingi za mbele hunyanyui injini nzima. Unainyanyua pua tu, na mauntingi ya giaboksi inakuwa kama bawaba ya mlango. Kwa hiyo jeki inabeba sehemu ya uzito, si wote. Lakini pia kila kilicho mbele ya mauntingi kinapanda zaidi ya mauntingi zenyewe. Braketi ikipanda sentimita 2, feni inapanda zaidi ya hizo 2, na kava la feni, ambalo limefungwa kwenye rejeta, halipandi kabisa. Hapo ndipo bawa la feni linapokutana na plastiki, na ukiendelea kupampu, plastiki inaivuta rejeta. Hiyo ni hasara kubwa kuliko bei ya mauntingi zote mbili.

Kabla ya kununua spea, hakikisha kweli ni mauntingi. Dalili tunazozijua: gari linatetemeka sana likiwa limesimama na injini imewashwa, kisha likikanyagwa mafuta kidogo linatulia, injini inapozimwa inapiga kishindo, gia lever inacheza unapoachia klachi, mabawa ya feni yamekwangua kava upande mmoja. Pima kwa mtaimbo mfupi: uweke kati ya braketi na chasisi, inua taratibu, uangalie mpira. Nyufa ndogo juu juu ni za uzee, zinaweza kuendelea. Mpira ulioachana na bamba lake la chuma, au uliobonyea mpaka chuma kimekaribia chuma, huo umekufa. Na angalia kilichouua. Oili inayovuja kwenye kava ya hedi ikishuka juu ya mpira, inaulainisha mpaka unakuwa kama ubani uliotafunwa. Ukifunga mpya bila kuziba hilo vujo, utarudi palepale baada ya muda mfupi.

Mauntingi mpya iweke juu ya meza pembeni ya ya zamani ikishatoka, usiiamini boksi. Ya kulia na ya kushoto mara nyingi hazifanani. Kuna pini ndogo ya kuelekeza, kuna wakati mwingine mshale. Zile za bandia unazijua kwa kuzibana na kwa kuzitazama ubavuni: mpira mgumu kama tairi, au gundi iliyochuruzika pale mpira unapokutana na bamba. Mpira mgumu haukatiki upesi, lakini mtikisiko wote unaupeleka kwenye chasisi, na mwenye gari atarudi kulalamika kuwa gari ni bovu kuliko mwanzo.

Sasa maandalizi. Sakafu iwe ya zege na tambarare. Kwenye udongo, gurudumu dogo la jeki ya toroli linazama upande mmoja, jeki inalala, na mzigo unateleza. Kama huna zege, tandika bamba la chuma la milimita 6 au zaidi, pana kuliko jeki yenyewe. Jeki ya toroli inahitaji pia kusogea kidogo inapopanda, kwa sababu kichwa chake hakipandi wima, kinachora duara. Magurudumu yake yakikwama, ni kichwa kinachosogea chini ya injini. Kwa kazi hii napenda jeki ya chupa ya tani 5 au zaidi, kwa sababu yenyewe inapanda wima. Ubaya wake ni kitako kidogo na kichwa kidogo, kwa hiyo inataka ubao juu na bamba chini.

Land Cruiser iko juu ya kutosha, mara nyingi huhitaji kulinyanyua gari lenyewe. Afadhali libaki juu ya matairi yake manne, hendibreki imevutwa, gari limewekwa gia ya kwanza, vigingi mbele na nyuma ya matairi ya nyuma. Ukilazimika kulinyanyua, linyanyue kwanza, likae kwenye stendi chini ya chasisi, ulisukume kwa mkono uone halichezi, ndipo uiendee injini. Usigeuze mpangilio huo.

Toa hasi ya betri. Gari lenye betri mbili, toa hasi zote mbili. Waya wa staata uko karibu na chuma unachokwenda kukisogeza. Subiri ekzosi ipoe. Kisha zunguka injini ukitafuta kila kitu kinachoiunganisha na bodi: hozipaipu za rejeta juu na chini, za hita, mpira wa vakyumu ya breki, kebo ya akseleta, waya wa athi, mabomba ya dizeli. Si lazima uvitoe vyote. Kwa mnyanyuo wa sentimita 2 hadi 3 vingi vinavumilia, ila hozi iliyokauka inapasuka, na waya wa athi mfupi unang'oka. Kava la feni lifungue bolti zake ulirudishe nyuma juu ya feni lining'inie huru. Pima uwazi kati ya ncha za feni na kava, juu na chini, uandike kwa chaki kwenye boneti. Vipimo hivyo utavihitaji mwishoni.

Halafu, kabla jeki haijagusa injini, legeza bolti zote. Hili wengi wanalifanya kinyume. Nati za mauntingi zimekaa miaka mingi, zimeshika kutu. Soketi ya 17 na bomba la kuongezea zinahitaji nguvu ya mwili mzima. Nguvu hiyo ukiitumia wakati injini imesimama juu ya jeki, unaisukuma injini kando na kuiondoa juu ya ubao wake. Kwa hiyo mwagia mafuta ya kulegeza kutu jioni ya jana, na leo zilegeze zote robo mzunguko wakati injini bado imekaa kwenye mipira yake. Zikishalegea, zirudishe zibane kwa mkono tu. Kuanzia hapo hakuna tena kuvuta kwa nguvu.

Sasa tuje kwenye sampu. Mtu anaiona iko chini kabisa, bapa, katikati, anaona ndiyo mahali pa jeki. Lakini sampu ni bakuli la bati la kuhifadhia oili, halikuumbwa kubeba. Ukiweka kichwa cha jeki moja kwa moja, linabonyea, na ndani yake, karibu kabisa na sakafu, kuna chujio la kunyonyea oili. Bati likipanda likakaribia mdomo wa chujio, pampu inanyonya kwa shida. Gari litawaka, litaondoka, na taa ya oili haitasema kitu siku hiyo. Bearingi za konrodi, ile mikono inayounganisha pistoni na krenkishafti, ndizo zitakazosema baadaye, mlimani, likiwa limepakia. Kwenye injini ambazo sampu ni ya alumini haibonyei; inapasuka.

Kuna njia mbili za kukwepa hilo. Ya kwanza ni kutafuta chuma kigumu: sehemu ya bloku pale linapokutana na giaboksi, au pembeni ambako braketi ya mauntingi imefungwa kwenye bloku, mradi jeki iko wima na haizuii bolti unayotaka kuitoa. Ya pili, kama lazima upite kwenye sampu, ni ubao. Ubao wenyewe uwe mgumu: mninga, mkongo, au kipande cha mvule, upana wa sentimita 20 kwa 30, unene wa sentimita 5. Msonobari unapasuka kufuata nyuzi zake, na unapasuka ghafla. Ubao ulale karibu na kingo za sampu, kwenye ukuta wake unaosimama, si katikati ya bakuli, na usikae juu ya nati ya kumwagia oili. Piga jicho chini ya ubao kabla ya kupampu: uwe umegusa sehemu pana, bila kona ya bolti wala kibonyeo. Kisha kati ya ubao na kichwa cha jeki usiongeze kipande kingine, na kingine, na kingine. Mnara wa vipande vitatu vya mbao unateleza. Jeki ikiwa fupi, inua jeki yenyewe kwa kuipandisha juu ya kitako kipana kilichotulia.

Usinyanyulie kwenye puli ya mbele ya krenkishafti. Nyingi zina mpira katikati ya duara la ndani na la nje, na duara la nje likisukumwa kutoka chini linaweza kujiondoa mahali pake.

Ukiwa na nafasi ya kuchagua, ibebe injini kwa juu. Hedi ina pete za kunyanyulia zilizowekwa na kiwanda, mbele na nyuma. Cheni bloku iliyofungwa kwenye boriti iliyojengwa kwa kazi hiyo, au kreni ya gereji, inakuachia sehemu ya chini wazi kabisa kwa mikono na taa. Kitu ninachokataa ni bomba la jukwaa la wajenzi lililolazwa juu ya kingo za bodi. Bomba la kawaida lina kipenyo cha milimita 48 na unene wa kama milimita 3. Likitandazwa mita 1.4 likabeba kilo 150 katikati linastahimili. Likibeba kilo 300 limefika karibu na kikomo cha chuma cha kawaida, hapo hujahesabu kutu wala mtikisiko. Kwa injini ndogo ya petroli sawa. Kwa pua ya 1HZ, hapana. Na hata boriti nzuri haikai juu ya bati la bawa la gari, lile linalofunika tairi la mbele. Inakaa kwenye mfereji mgumu wa ndani ambako bawa limefungwa, juu ya ubao wa kugawa uzito. Kamba ya katani na mkanda wa kuvutia gari viache. Cheni yenye alama ya uwezo wake, na bolti ya pete inayojaa nyuzi zake zote, si nusu.

Tumefika kwenye kunyanyua. Hapa wawe watu wawili na amri moja, na anayetoa amri ni yule ambaye mikono yake iko ndani. Anayeshika jeki hapampu na halegezi valvu mpaka aulize, "Mikono nje?" na ajibiwe, "Nje." Hata kama ni mara ishirini. Anayeshika jeki haoni vidole vya mwenzake, na jeki ya maji ikilegezwa kidogo tu zaidi ya kiasi haishuki taratibu, inaporomoka.

Pampu mpaka ubao ugusane, kisha nusu pampu, uangalie mpira. Mwanzoni mpira utavimba kurudi kwenye umbo lake, ndipo braketi itaanza kuachana na bamba. Hapo simama. Huo ndio wakati wa kutoa nati, si kabla. Kipimo ni vidole: nati ikizunguka kwa vidole na bolti ikatoka bila kukwaruza, mzigo umekaa sawa. Bolti ikikwama, uzito bado uko juu yake, au umeinyanyua kupita kiasi na sasa mauntingi inaivuta chini. Panda milimita 2, shuka milimita 2, utafute pale inapolegea. Usipige nyundo bolti yenye mzigo, maana ikitoka, inatoka pamoja na injini.

Kuna kosa moja la hatari hapa. Fundi amesahau nati moja, anapampu, anaona jeki inapanda na anafurahi. Kumbe injini bado imefungwa kwenye chasisi, na kinachopanda ni gari zima. Kama liko kwenye stendi, chasisi inaachana na stendi, gari linabaki linaning'inia kwenye sampu yake. Kwa hiyo jicho moja liwe kwenye mpira, jingine kwenye stendi. Ukiona mwanga kati ya stendi na chasisi, simama, shusha, utafute bolti uliyoisahau.

Toa upande mmoja tu. Upande wa pili nati yake irudishe nyuma mizunguko mitatu minne ili injini iweze kuinama bila kuurarua mpira, lakini ibaki ndani ya nyuzi zake. Injini isiyo na mauntingi hata moja mbele, juu ya jeki moja, imesimama kwenye mguu mmoja.

Na kila inapopanda, ifuate na kabari. Braketi ikiachana na chasisi kwa sentimita 1, weka kipande cha mbao cha sentimita 1 pembeni ya mauntingi, mahali ambapo hakitazuia mpira kutoka. Ikifika 2, weka cha 2. Mpira wa ndani wa jeki ukipasuka wakati huo, injini inashuka milimita chache na kukalia mbao. Bila kabari inashuka mpaka chini, na chini kuna mkono wako. Jeki ni ya kunyanyulia. Kinachobeba ni mbao au stendi. Sentimita 2 hadi 3 kwa kawaida zinatosha kuuchomoa mpira wa zamani kwa kuulaza ubavu. Ukiona unahitaji 5, kuna kitu kimekwama, kitafute. Mara nyingi ni ile pini ya kuelekeza, au ekzosi inayovuta, na flanji yake (pale mabomba yanapounganishwa kwa bolti) ikilegezwa kidogo injini inakubali.

Kuingiza mpya ni kinyume cha hayo, ila uvumilivu ni mkubwa zaidi. Tundu halitalingana mara ya kwanza. Usipapase tundu kwa kidole. Tumia panchi iliyochongoka au bisibisi nene, usogeze injini kwa mtaimbo mfupi, milimita kwa milimita. Bolti zote ziingie kwa mkono angalau mizunguko mitatu kabla spana haijaguswa. Ukipoteza bolti, usikimbilie duka la vifaa vya ujenzi. Toyota wanatumia sana nyuzi za M10 na M12 (bolti za kipenyo cha milimita 10 na 12) zenye hatua, yaani umbali kati ya uzi na uzi, ya milimita 1.25, za duka zile ni 1.5 na 1.75. Inaingia mzunguko mmoja, inabana, unadhani ni kutu, unalazimisha, na uzi wa braketi unaisha.

Ondoa kabari, shusha injini taratibu mpaka jeki iachane kabisa na ubao. Sasa hivi, uzito ukiwa juu ya mipira, ndipo unabana. Ukibana injini ikiwa bado juu, mpira unajifunga umejipinda na gari litatetemeka kama mwanzo. Kiasi cha kubana kipo kwenye kitabu cha gari, na kitabu ndicho kinachotangulia. Kwa kukadiria tu, bolti ya kawaida ya daraja la ugumu 8.8 ya M10 inataka kama Nm (newton-mita) 45, ya M12 kama Nm 80, nyuzi zikiwa safi na kavu. Upande wa kwanza ukishabanwa, rudia yote upande wa pili.

Mauntingi ya giaboksi ni hadithi fupi, ila usiidharau. Jeki na ubao vikae chini ya giaboksi kabla krosmemba haijalegezwa hata bolti moja. Ukiishusha sana, injini inainama nyuma: sehemu yake ya nyuma inagusa ukuta wa bodi, na feni mbele inapanda. Sentimita 2 au 3, basi.

Kwenye magari madogo yenye injini iliyolala kwa upana, kama Premio au IST, mauntingi ni tatu au nne na kila moja ina kazi yake. Nyingine zinabeba, nyingine zinazuia injini isijizungushe. Ukitoa ya upande wa mkanda, injini inashuka kona moja na kuzivuta shafti za matairi. Jointi ya ndani ikivutwa kupita mwendo wake inaachana. Kwa hiyo jeki ikae chini ya kona ileile unayoifungua, si katikati. Na mauntingi za magari haya mara nyingi zina maji mazito ndani. Ukikuta ute mweusi umechirizika juu ya braketi, mpira wa ndani umetoboka hata kama kwa nje unaonekana mzima.

Rudi kwenye zile namba za chaki. Pima feni na kava tena. Mipira mipya imeinua injini, kwa hiyo uwazi wa juu utapungua na wa chini kuongezeka. Zungusha feni kwa mkono duara zima, isiguse popote. Kaza flanji ya ekzosi sasa, injini ikiwa imetulia. Rudisha hasi za betri, washa, iache ilie bila kukanyaga mafuta. Ikitetemeka kuliko ulivyotarajia, zima, legeza nati zote za mauntingi nusu mzunguko bila jeki, washa dakika moja, zima, ubane upya. Mara nyingi mipira inajipanga yenyewe.

Mwisho, chora mstari wa rangi nyeupe kutoka kwenye nati mpaka kwenye braketi, kila moja. Mwambie dereva arudi baada ya safari ya kwanza ya vumbi, kama kilomita 500. Mstari uliokatika ni nati iliyozunguka, na utaiona kwa tochi tu, bila kulala chini.